Kielelezo cha Nne

Wenzangu wawili wameshaachana njiani:
mmoja kaandika abaki gerezani, mwingine aachiwe,
nami wa tatu nimebaki na faili
katika nyumba ya wageni, Mbale,
mvua ikishuka kutoka Wanale
kama mtu anayemwaga mtama juu ya bati.

Nambozo alisema: nilimwona.
Hakusema nadhani, hakusema kama.
Alimwona Wasukira akitoka ghalani, panga mkononi,
na Khaukha, mumewe, kifudifudi kati ya magunia ya kahawa.
Hatua nane. Saa tano usiku. Mwanga ni kibatari
cha kopo la maziwa, utambi wa shuka kuukuu.
"Namjua tangu mwaka wa jando lake.
Wewe hujui mwendo wa jirani yako?"
Jaji aliyemsikiliza alimtazama usoni, akamwamini.
Mimi uso huo sina. Nina karatasi,
na karatasi haitoki jasho.

Wasukira naye: nilikuwa Tororo,
wodi ya watoto, binti yangu malaria imempanda kichwani.
Daftari la wodi lina jina lake, saa mbili na nusu,
wino wa buluu; majina ya juu na chini yake, wino mweusi.
Toka Tororo hadi kwao, kwa pikipiki yenye haraka,
ni saa moja na nusu.
Nimehesabu. Nimehesabu tena. Muda unatosha.
Lakini kutosha si kwenda,
wala si kazi yake kuthibitisha kwamba hakuwepo.
Aliitaja Tororo siku ile ile waliyomfunga pingu,
na hakuna askari aliyepanda gari kwenda kuuliza.
Muuguzi wa zamu alihamia Juba. Namba yake haipatikani.

Kisha ukurasa wa kumi na saba,
mstari ambao mawakili wote wawili waliupita mbio:
siku ya kwanza Nambozo aliwaambia polisi, "mtu mwenye koti."
Jina lilikuja siku ya tatu, matangani,
watu walipokwisha kukumbushana ugomvi wa mpaka.
Simwiti mwongo.
Mwongo angekuja na jina mapema.

Saa nne umeme ukakatika.
Mlinzi akaleta mshumaa, akasimama mlangoni,
hatua nane, labda pungufu.
"Asante, Gidudu," nikamwambia;
wiki ya pili hii tunasalimiana kila usiku.
"Mimi Wepukhulu, mheshimiwa.
Gidudu alikwenda kwao Jumatatu."

Hilo siwezi kuliandika.
Halimo katika mwenendo wa kesi,
na hukumu haijengwi kwa mshumaa wa jaji.
Nimeandika yaliyomo: utambi, hofu, koti, siku tatu,
safari ya Tororo ambayo polisi hawakuifunga.

Kesho atakaa benchi la mbele, mkoba mapajani.
Nitasema "shaka", mkalimani atatafuta neno la Kigisu,
nalo litamfikia likiwa limegeuka: hatukukuamini.
Labda namfungulia muuaji mlango.
Hilo nalo nimelihesabu, halikutoa jumla.

Rufaa imekubaliwa. Aachiwe huru
isipokuwa kama anashikiliwa kwa jambo jingine halali.
Na mstari wa mwisho, ambao husomwa watu wakiwa wameshasimama:
kielelezo cha nne, kibatari kimoja,
kirudishwe kwa mwenyewe.