Pindo la Jumatatu

Tufe la dunia nililinunua gulioni, kwa bei ya vifungo.
Bahari yake imechujuka, Australia ina doa la chai.
Nikalaza juu yake futi yangu ya ushonaji
kutoka Santiago hadi Auckland, aliko Yasna:
sentimita ishirini na tatu, kasoro uzi.

Nikacheka peke yangu dukani.
Ishirini na tatu ni mkono wa shati
la mtoto wa mwaka mmoja.

Kwenye ramani ya ukutani njia imenyooka kama mstari wa chaki.
Kwenye tufe futi inakataa,
inateleza kusini, inachungulia barafu,
ndipo inapanda.
Nguo hupimwa mwilini, haipimwi karatasini.

Kilomita elfu tisa mia sita na ushee,
alisema binti wa tiketi bila kuinua macho.
Saa kumi na moja, na chini maji,
maji,
hakuna hata jiwe la kutulizia jicho.

Waliondoka Jumapili saa kumi na mbili jioni.
Wakashuka Jumapili ileile, saa saba mchana.
“Baba, nimefika kabla sijaondoka.”
“Umekula?”
“Cha mchana? Nilikula kule. Leo.”
Tukala tena: kuku, boga, mahindi ya kukata vipande,
Jumapili moja, sahani mbili.

Nimekata nguo miaka hamsini na mmoja.
Kitambaa kikizidi huku, kuna mahali kimepelea.
Sikumwambia.

Wiki tatu. Sitiveni, mjukuu, macho ya baba yake Mtonga,
alijifunza kusimama
akishikilia kanyagio la cherehani.

Wakarudi usiku wa Jumapili,
zimebaki dakika kumi kufika saa sita,
upepo ukiwasukuma kifuani njia nzima.
Nilikuwa natia pasi suruali ya kinyozi simu ilipolia.
“Tumefika. Kumekaribia kucha, Jumanne.”
Nikatazama kalenda: Jumatatu, adhuhuri,
jua limejaa kizingitini.
“Na Jumatatu yako?”
“Sikuiona, Baba. Giza tu,
kisha wakasema ni Jumanne.”

Nimekaa nayo siku nyingi, hiyo Jumatatu.
Kwanza niliona imeibwa.
Lakini ukipinda suruali, kitambaa hakipotei,
kimelala ndani, upande usioonwa na wageni.
Basi huko katikati ya maji kuna pindo,
na siku ya binti yangu imo humo,
imepigwa pasi.

Shati la Sitiveni liko mezani, la buluu.
Posta huchukua wiki sita, wakati mwingine nane,
na mtoto hamngojei tarishi.
Kipimo kinasema ishirini na tatu.
Nimekata ishirini na saba.
Zilizozidi nimezikunja ndani
kwa mishono mirefu, mivivu,
ya kufumuka kwa kuvuta uzi mmoja.