Mtindo Uitwao Pumzi

Biro ya hali ya raia, Kadutu, chumba cha pili:
kompyuta moja, watu watano, kila mtu na mkono wake.
Cirhuza alipenda vichwa vya zambarau.
M'Rutega wa vizazi alikoleza wino kila neno,
kana kwamba mtoto asipokolezwa hatakua.
Stajieri mmoja, aliyekaa wiki mbili tu,
alituachia herufi za kujipinda-pinda,
na cheti cha ndoa cha watu wa Cimpunda
kikarudishwa kutoka tribinali:
"Hii ni hati au mwaliko?"

Mkuu akaniita. Akatandaza karatasi saba mezani,
saba za ofisi moja, hakuna mbili zilizochangia hata mama.
"Wewe ndiwe unayejua mashini. Funga."

Basi nikafunga.
Jumamosi, kabla SNEL haijakata umeme,
niliketi na kiolezo kitupu, nikakiuliza kinahitaji nini.
Kilijibu kwa uchache: Aya. Jedwali. Kichwa. Sahihi.
Mitindo mingine yote nikaiondolea tiki
moja moja, kama anayechambua maharage.
Nikazuia rangi. Nikazuia kuchagua herufi.
Nikaacha vijisanduku vya kijivu tu,
pale jina, pale tarehe, pale baba, pale mama,
halafu neno la siri, mara mbili,
maana mashini nayo haimwamini mtu mara ya kwanza.

Jumatatu vitufe vilikuwa vimefifia.
Cirhuza aliibonyeza zambarau yake
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
"Umetutia pingu."
Nimefunga ukurasa, nikamwambia, sikukufunga wewe.
Hakucheka. Ila siku ile alimaliza vyeti kumi na tisa
na kwenda kunywa chai jua likiwa bado juu.

Aliyenyamaza ni Zihindula wa vifo.
Vidole viwili, miaka thelathini, tangu enzi za taipureta.
Alhamisi akaja na karatasi mkononi.
"Enta imekataa."
Enta ya nini, papa?
"Kabla ya jina. Huwa ninaruka mistari miwili."
Nikamwambia hakuna kanuni inayodai hivyo.
Akatazama dirishani, pale mlima ulipomeguka kwa mvua ya Aprili,
mabati mapya juu ya udongo mwekundu.
"Wanaopokea husoma mbio mpaka pale.
Wape pa kuvuta pumzi."

Nilifungua kabati, nikatoa mafaili ya zamani.
Kweli. Kila marehemu wa Kadutu ana kiwanja chake cheupe,
cha taipureta, cha kompyuta ya kwanza, cha hii.
Nilikuwa nimekiona mara elfu,
nikadhani ni mkono unaotetemeka.

Jioni nikaandika neno la siri. Kufuli likalegea.
Enta sikumrudishia;
enta ingerudi imeshikana mikono na zambarau.
Niliunda mtindo wa tano:
nafasi kabla ya aya, pointi ishirini na nne.
Mashini ikataka jina lake. Nikaandika: Pumzi.
Nikafunga tena.

Sasa upo kwenye orodha, kati ya Kichwa na Sahihi.
Zihindula hajasema kitu, anaandika tu.
Leo M'Rutega ameuliza kama anaweza kuutumia kwa watoto.
Nimemwambia nitafikiri.
Cirhuza, yeye, anataka kujua
neno la siri lina herufi ngapi.