Ninaishi Norwei

Kwa kampuni, idara ya wateja, popote mlipo:

Jina langu Somoe Namkopa. Ninaishi Norwei.
Ndivyo mashine yenu ilivyotaka.
Niliitafuta Tanzania kwenye orodha ile ndefu,
nikashuka nayo, nikapanda, nikashuka tena,
wateja kwenye benchi wanasema, Dada, washa basi.
Haikuwemo.
Nikabonyeza nchi iliyokuja chini ya dole gumba.

Kwa hiyo mwaka wa tatu huu ninaishi Norwei,
hapa Tandahimba, nyuma ya stendi,
banda la mabati, televisheni mbili,
mechi shilingi mia tatu,
na ukifungwa tano bila unampisha mwenzako.
Mnaniarifu kwamba theluji imeanza,
kuna punguzo la bei kwa wanaojifungia ndani.
Huku korosho zimeanikwa mpaka mlangoni,
anayekuja kucheza anaruka turubai.

Mashine imekula magunia kumi na moja ya mama,
malipo ya mnada wa pili.
Mchezo wa mpira nikaulipia mbali.
Wa magari, mbali.
Halafu ada ya kila mwezi,
ili aliyekaa hapa amfunge aliyekaa Newala.

Mwezi wa nne fimbo ya kushoto ikaanza kuvuta.
Mchezaji haguswi, anatembea mwenyewe
polepole kwenda kwenye kona, kama mtu aliyeitwa.
Vijana wakampa jina, Mzuka.
Nikawaandikia. Akanijibu mtu asiye mtu:
Pole kwa usumbufu, Somoe. Umejaribu kuzima na kuwasha?
Nimezima. Nimewasha.
TANESCO nao wamenisaidia kuzima.
Mkaniambia niipeleke dukani kwenu, Oslo.

Juzi mmegundua siishi huko.
Michezo sita imeondoka usiku mmoja,
kitasa kizima, kufuli zima.
Ndipo nikausoma mkataba nilioukubali bila kuusoma,
siku mbili, na kamusi ya Bakiri wa kidato cha tatu:
sikununua mchezo.
Nilinunua ruhusa,
na ruhusa ni yenu, mnaichukua mtakapo.

Jambo hili sisi tuna jina lake.
Mtu anakuja mwezi wa nane, una mgonjwa ndani,
mikorosho ndiyo kwanza maua.
Anakupa vijihela, anaondoka na mavuno ambayo hayajaota,
na siku ya kupima anakuja na bakuli lake mwenyewe,
limebenuliwa tako kwa nyundo
ili lishibe zaidi.
Kangomba.
Mama aliliwa hivyo mwaka aliougua baba.
Lakini mama aliijua nyumba ya mnunuzi.
Alikwenda akakaa barazani pake siku tatu,
hasemi kitu, amekaa tu,
mpaka mke wa yule bwana akaona haya
na nusu gunia ikarudi.
Niambieni: baraza lenu liko wapi?

Fundi Nandonde ameifungua.
Kulikuwa na kibandiko cha rangi ya fedha,
ukinibandua, dhamana imekufa.
Kabandua. Hakuna aliyelia.
Skrubu zenu hazitambuliwi na bisibisi yoyote ya hapa,
akasaga spoku ya baiskeli mpaka zikakubali.
Akatoa vumbi letu jekundu, kijiko kizima,
na mende mmoja mkavu.
Fimbo kaipaka spiriti, kaikaza kwa kipande cha vocha.
Mzuka katulia.

Michezo hakuweza kuirudisha.
Umebaki mmoja wa zamani, ule wa sahani,
wachezaji wake nusu wamestaafu.
Vijana wanalipa mia mbili, wananung'unika, wanacheza.

Elfu nane. Nikamuuliza, na dhamana?
Akachana boksi la majani ya chai,
akaandika kwa kalamu ya seremala:
Ikizingua ilete. Nipo. Ijumaa mpaka tumeswali.

Nimekibandika kwenye mashine,
palepale penye kovu la kibandiko chenu.