Mkia wa R

Waniuliza nani alinifunza
kuuvuta mkia wa R hivi,
kama wa paka aliyekanyagwa.

Si mtu, ni ngazi.
Ngazi ya Fundi Shekuwe, mguu mmoja mfupi;
nusu ya maduka ya Kibokoni
niliyaandika nimelalia kushoto.

Na wekundu huu uliopauka? Ubahili wake:
kopo moja, milango saba,
mafuta ya taa tele.
Pengo kabla ya neno la mwisho
ni adhana ya alasiri,
brashi hewani, rangi yanitiririka kiwikoni.

Shekuwe keshatangulia.
Nimenunua ngazi ya chuma, yasimama wima
kama askari wa bandarini.

Jana, Makadara, mbele ya bucha,
nilitazama kulia, nikatazama kushoto,
nikasukuma kigae
chini ya mguu wake mmoja.