Kodi ya Mkuyu

Usinipigie hesabu ya tanuri, Ambakisye,
kuni ngapi, matofali elfu ngapi.
Kabla ya shoka, wahesabu wapangaji.

Nyigu, mdogo kuliko punje ya ulezi,
huingia tini kwa mlango mwembamba,
mabawa yakabaki kizingitini.
Hutaga, huchavusha, hufia humohumo.
Kodi yake hiyo. Kalipa kwa mkupuo.

Popo hulipa usiku, kwa kinyesi:
mbegu juu ya bati la kanisa,
mbegu migombani kwa Tupokigwe.
Hondohondo anachelewesha, tena anafoka
kama dalali.

Wala usidhani namtetea mtakatifu.
Mkuyu huu umeua.
Ulikuja ukiwa mbegu, tumboni mwa ndege,
mkenge ukaupokea begani
(mkenge nao uliingia mkenge!),
ukateremshiwa mizizi mithili ya kamba,
ukakabwa pole pole, miaka na miaka,
ukaozea wimawima.
Palipokuwa moyo wake pana tundu.
Tunduni nyuki.
Na asali yao uliilamba wewe, Pasaka,
ukajifuta ndevu, ukasema ndaga.

Mimi je? Ndoo yangu hujaa hapa shinani
Oktoba, Lwangwa nzima ikipanga foleni.
Sijalipa hata siku moja.

Leo alfajiri, ukungu ungali mzito,
nimekuta shoka lako limeegemezwa mzizini.
Kinyonga yuko kwenye mpini,
mguu mmoja hewani,
anayumba,
hajaukanyaga.