Risasi

Zamani nikirudi, Zamda alinidaka magotini.
Siku hizi namwambia, "Simama hapohapo,"
na nimechora mstari wa chaki kizingitini
ambao hauvuki mpaka nimalize kuoga.
Ana miaka minne.
Anadhani baba amemkasirikia.

Mimi ni fundi wa betri, Vingunguti,
uani kwa Kisoki, nyuma ya gereji.
Betri zikifa kwenye malori na bajaji
mazishi yake ni kwangu:
nazipasua kwa shoka, maji yake namwaga mtaroni,
maji yanayotoboa suruali kabla sabuni haijaichakaza.
Kilichobaki nakitia kwenye sufuria kuukuu, juu ya mkaa,
kiyeyuke, king'ae, kitulie kama samli ya fedha.
Moshi wake una utamu kidogo ulimini.
Hilo la utamu sikuwahi kumwambia mtu.

Mwaka jana Zamda alihesabu mpaka kumi,
na kumi yenyewe aliipigia ukelele.
Mwaka huu anafika sita, anasimama,
ananitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.
Tumbo linamsokota.
Bibi yake akasema zongo, tukamfunga hirizi.
Tukasema minyoo, tukanunua dawa ya minyoo.

Nesi Anyelwisye akaisoma karatasi mara mbili.
"Damu ya mtoto ina risasi."

Risasi!
Nikamvua gauni palepale,
nikalitafuta tundu: mgongoni, kwapani, nyuma ya sikio.
"Si ya bunduki, baba Zamda," akasema taratibu.
"Hebu niambie, unafanya kazi gani?"

Nikaitazama mikono yangu.

Kumbe lugha ilijua siku zote,
neno moja, vifo viwili,
mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.
Hakukuwa na mlio. Hakuna jirani aliyetoka mbio.
Nilimpiga kwa shati.
Nilimpiga kwa kumbeba begani tukienda kununua mkate,
kwa nywele zangu juu ya mto anaolalia,
kwa beseni moja:
ovaroli langu, kisha nepi za mdogo wake.

Nesi akaniandikia: maziwa, maharage, dagaa,
mchicha, lakini si ule wa bondeni,
kucha fupi, mikono ioshwe kabla ya kula.
Na shati la kazi lisivuke mlango.

Nilimweleza Kisoki. Alicheka.
"Mimi nimekulia kwenye moshi huu,
na watoto ninao saba."
Sikumuuliza kama wanaweza kuhesabu mpaka saba.

Usiku ule sikulala. Niliwaza ua wetu,
watoto wa chekechea wanaochora mistari ya rede
kwa jivu langu, kwa kuwa jivu langu ni jeusi, linaonekana vizuri.
Nikawaza karai la mama Chausiku,
hatua ishirini kutoka motoni,
karai lililotoboka mwezi wa Ramadhani
nikaliziba mimi mwenyewe, bure, kwa ujirani.
Kwa risasi.
Mtaa mzima unakula maandazi yale.

Alfajiri nilimpelekea karai jipya.
"Kuna nini?" akauliza.
Nikasema lile la zamani nalitaka, basi.
Baadaye nilimwambia. Alikaa chini kwenye ndoo,
hakunitukana. Bora angenitukana.

Na Mwinjuma tulikodi guta, tukaleta kifusi safi,
tukakizika kile cheusi usiku,
bila kumuuliza Kisoki.
Ni uani tu. Mtaroni hatujafika.

Na kazi sijaacha. Kodi ni tarehe tano.
Anayetaka kunihukumu anihukumu,
ila aje na kazi nyingine mkononi.

Leo nimerudi. Zamda yuko nyuma ya chaki,
vidole vya miguu vimeugusa mstari, havijauvuka.
Navua shati nje. Najimwagia maji, kata kwa kata,
naye anazihesabu kwa sauti:
moja, mbili, tatu,
nne, tano,
sita.

Namimina nyingine.
Naimimina polepole sana.