Mifuo Ielekee Mitutu

Lugusha ameileta imeviringishwa katika kitenge cha mamaye,
kibali cha polisi kimekunjwa mara nne juu yake.
Nambari ya karatasi nailinganisha na nambari ya chuma,
tarakimu kwa tarakimu, ndipo naifungua:
bunduki ya marisau, mitutu miwili, kitako cha mninga.

Parafujo tatu zilishika mtambo kwa chini.
Moja ipo. Mfuo wake umetafunwa na ncha ya kisu,
kingo zimekunjuka kama jani la tumbaku lililochelewa kuchumwa.
Ya pili ni msumari wa bati, umekatwa kichwa.
Ya tatu ni tundu, na ndani ya tundu, kijiti.

"Baba alikuwa na haraka," asema.
Sisemi kitu.
Haraka ya miaka thelathini.

Nimezunguka maduka ya vifaa, Gongoni hadi sokoni:
skrubu za mbao, za bati, za pikipiki,
zote za milimita, zote na msalaba kichwani.
Tundu hili halijui milimita.
Alilitoboa mtu wa mbali, aliyehesabu kwa inchi,
na hakuacha salamu.

Basi nta. Nta ya Sikonge, ingali na harufu ya moshi wa mzinga.
Naipasha kiganjani, naisokota kama utambi,
naisukuma tunduni, naiacha ipoe,
kisha naizungusha kinyume, pole, pole,
na nyuzi zinatoka nayo, kali, za kuhesabika kwa ukucha.
Ishirini na sita.

Mashine yangu ya kukerezea niliipata mnadani, karakana ya reli.
Gia yake ina jino moja bovu; kila mzunguko husema *tak*.
Nimeshaizoea. Ikinyamaza ndipo ninapoinua kichwa:
umeme umekatika.

Mfuo ni kazi ya mkono hata hivyo.
Msumeno nimeusaga mbavu hadi ukawa mwembamba kama ukurasa.
Masesa wa baiskeli, pale jirani, hucheka:
"Kalunde, ufanye mpana, kila bisibisi iingie."
Ndiyo, Masesa. Kila bisibisi iliingia. Tazama.
Bisibisi ya hii naichonga leo, kwa ajili ya hii,
ikae ndani ya mfuo bila nafasi ya unywele.

Kichwa nakiacha kirefu kwanza.
Nakaza mpaka chuma kikatae,
nachora mstari kwa sindano, sambamba na mitutu,
natoa, nakata juu ya mstari.
Ya kwanza niliikaza, nikaongeza kidogo kwa tamaa,
mfuo ukapita, ukalala upande kama mlevi.
Iko koponi na wenzake.
Ya pili ilikubali. Ya tatu. Ya nne.

Kisha moto. Kikaango cha vumbi la shaba juu ya mkaa,
na mimi sipepesi jicho:
manjano ya nyasi za Agosti,
hudhurungi,
bilinganya,
na ile buluu inayodumu kama kupiga chafya.
Chapu! Ndani ya mafuta ya karanga.
Kibanda chote kinanuka kama jikoni kwa shangazi.

Lugusha amepitisha kidole gumba. Hakikwami popote.
Mifuo mitatu imelala njia moja
kama reli ya Kigoma ikiiacha stesheni.

"Ijumaa naisalimisha," asema. "Kibali hiki ni cha mwisho.
Mimi macho, na wanangu hawaitaki."

Nikaweka bisibisi chini.
"Wataikata kwa msumeno, mzee. Siku mbili zangu hizi."

"Wataikata," asema. "Ila wasimkute baba na msumari."

Akalipa. Akaikunja kitenge, upande, upande.
Mlangoni akageuka, akauomba ule msumari.
Nilimpa.
Akautia mfuko wa shati, ule wenye kifungo,
akakifunga.